Siku Niliyomnywesha Mzee wa Kanisa Pombe

Siku mliponiaga mliniomba niseme maneno machache kuhusu kazi. Nilisema asante nikakaa, kwa sababu pilau lilikuwa linapoa na niliona jinsi mnavyoliangalia. Sasa niko nyumbani Sepuka, alizeti zimeshavunwa, kuku hawahitaji kupimwa presha, na muda ninao. Nitaandika. Vyeo vyangu mnavijua, vilikuwa vichache na vilichelewa. Mshahara wangu mnaujua pia kwa sababu ni kama wenu. Hayo tuyaache.

Kwa wageni watakaosoma haya: naitwa Zaituni, muuguzi mstaafu. Karibu maisha yangu yote ya kazi yameishia katika hospitali moja ya misheni, si mbali sana na njia panda ya Mkiwa. Jina lake silitaji, wenyewe hawajaniruhusu. Nilifika pale nikiwa binti mwembamba (ndiyo, nilikuwa mwembamba, acheni kucheka), na hijabu nyeupe niliyoipiga pasi hadi ikaanza kung'aa. Matroni wakati ule alikuwa Mama Leonia. Alinikuta mlangoni akanitazama kuanzia kwenye viatu kwenda juu.

"Wewe ndiye Zaituni?"

"Ndiyo, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Sisi hapa tunaanza siku kwa sala. Wewe wakati huo utafanya nini?"

"Nitachemsha sindano, Mama."

"Basi tutaelewana," alisema. "Wa kusali ninao wengi. Wa kuchemsha sindano sina."

Ninyi mnachana pakiti, mnachoma, mnatupa. Sisi tulikuwa na sindano za kioo, na sufuria, na jiko la mafuta ya taa ambalo liliwaka vizuri siku za ugeni tu. Mashine ya presha ilikuwa moja kwa wodi tatu, na mpira wake ulikuwa na kiraka cha tairi la baiskeli. Kilibandikwa na fundi baiskeli, si fundi vifaa vya tiba, na kilidumu kuliko mpira wenyewe. Nilijifunza kusikiliza mapigo huku kiraka kikipumua. Kijana anayeniambia leo kwamba mashine ya kisasa inamsumbua, namhurumia, lakini si sana.

Aliyenifundisha kazi hasa ni Dakta Mkhoi. Alikuwa daktari msaidizi, mtu wa Ikungi, mrefu, suruali zake zote fupi. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ulikuwa wa kuuliza "kwa nini." Ukimwambia mgonjwa ana homa, anauliza kwa nini. Ukimwambia umempa dawa, anauliza inafanyaje kazi. Usipojua, anakata ubavu wa boksi la dripu, anatoa kalamu, anakuchorea wakati chai yako inapoa. Nimekunywa chai baridi miaka mingi kwa ajili ya elimu.

Siku moja alinikuta nanawa mikono kwa sabuni mara tu baada ya kushika spiriti ya kusafishia ngozi. Nilikuwa naogopa isije ikapenya ndani ya mwili, nami sijawahi kuonja kileo tangu nizaliwe.

"Hata ikipenya tone moja, Zaituni, ini lako lina mfanyakazi wa kuishughulikia," aliniambia. "Amekaa bure tangu uzaliwe. Mpe kazi kidogo."

Ndipo akakata boksi. Alinieleza kwamba ndani ya ini mna kimeng'enya ambacho kazi yake ni kushika alkoholi na kuinyang'anya haidrojeni. Alkoholi ikishanyang'anywa inageuka kuwa kitu kingine kinachoitwa aldehaidi. Jina la kimeng'enya hicho ni alkoholi dihidrojenasi. Alinilazimisha nilitamke hadi nikalipatia, halafu akasema nisilitumie mbele ya wagonjwa, watadhani ndiyo ugonjwa wenyewe.

"Pombe ya kawaida ikipita hapo, mtu anaumwa kichwa kesho yake, basi," alisema. "Lakini kuna alkoholi nyingine, ya viwandani, inaitwa methanoli. Kwa macho ni ile ile, kwa harufu karibu ile ile. Yenyewe haina ubaya mkubwa. Ubaya unaanza kimeng'enya kikishaigusa. Kinaigeuza kuwa fomaldehaidi, ile ile iliyomo kwenye fomalini ya maabara. Nayo inageuka kuwa asidi, na asidi inakwenda kuunguza mishipa ya macho."

"Kwa hiyo ini ndilo linalompofusha mtu?"

"Ini linafanya kazi yake. Kimeng'enya hakina akili, kina bidii tu. Kama baadhi ya wauguzi."

Nilimnunia siku nzima. Lakini lile boksi nilikwisha kulielewa.

Miaka ikapita. Mama Leonia alistaafu akarudi kwao Kilimatinde, sindano za kioo zikaondoka, bodaboda zikaja na mifupa iliyovunjika ikaja nazo. Mimi nikawa msimamizi wa wodi ya wanaume. Dakta Mkhoi akaota mvi, suruali zikabaki fupi.

Kisa ninachotaka kuwaachia kilianza mchana mmoja wa kiangazi, mtama ukiwa umeshaingia ghalani. Bodaboda ilisimama mbele ya wodi ikiwa na watu watatu: mbele dereva, jina lake Selemani, katikati mzee aliyelegea, na nyuma yake mama mmoja aliyemkumbatia mzee huyo asianguke. Mzee nilimfahamu. Alikuwa Mzee Njiku, mzee wa kanisa katika kijiji kimoja upande wa barabara ya Itigi. Alijulikana kwa mahubiri yake dhidi ya pombe. Watu walisema akianza kuhubiri, hata togwa inaona aibu. Yule mama alikuwa mkewe, Mama Naomi.

Mzee alikuwa anapumua kwa kasi na kwa nguvu, kama mtu aliyefukuzwa, na bado amelala. Tumbo linamuuma. Ametapika tangu asubuhi. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu.

"Shikamoo mzee. Macho yako vipi?" nilimuuliza, kwa sababu nilimwona anatafuta mkono wangu pasipokuwa na mkono.

"Marahaba mwanangu. Kuna vumbi."

"Wapi?"

"Kila mahali. Humu ndani hamfagii?"

Sakafu ilikuwa imepigwa deki muda si mrefu. Nilimwita Dakta Mkhoi. Alimulika macho yale kwa tochi, akasikiliza pumzi, akanitazama. Wala hakuuliza kwa nini. Ndipo nilipoogopa.

"Mzee, umekunywa nini tangu jana?" alimuuliza.

"Maji."

"Na kingine?"

"Uji. Na dawa ya kikohozi."

Wakati huo Selemani, aliyekuwa amesimama dirishani akisubiri kuondoka, alisema kwa sauti ya mtu anayeleta habari tu, "Kijijini leo kuna msiba, dakta. Fundi aliyeezeka kanisa jipya amekutwa amekufa kitandani asubuhi. Wanasema moyo."

Mzee Njiku alifumba macho. Mkewe alitazama sakafu.

Dakta alinivuta pembeni. Alitaka kumbana mzee aseme. Nikamwomba aniachie mimi. Niliketi kitandani nikaacha Kiswahili, nikasema naye Kinyaturu, kile cha Sepuka ambacho watu wa huko kwake hupenda kukicheka. Hata yeye alicheka kidogo, katikati ya pumzi zile. Nikamuuliza habari za kikohozi. Akasema kilimshika jana jioni, ghafla, baada ya bati la mwisho la kanisa kupigiliwa.

"Dawa yake ilikuwa kwenye chupa ya namna gani, baba?"

"Si chupa. Dumu."

"Dumu la nani?"

"La fundi."

"Naye fundi alikuwa anakohoa?"

"Sote tulikuwa tunakohoa," alisema.

Nilitoka nikamweleza Dakta. Baadaye tulijua vizuri kwamba fundi alinunua lile dumu kwa mchuuzi aliyekuwa anapita, aliyemwambia ni spiriti safi. Fundi akaichanganya na juisi ya unga akawakaribisha wenzake nyumbani kwake kufurahia kumaliza paa.

Gari letu la wagonjwa lilikuwa limempeleka mama mjamzito Singida mjini. Kusafisha damu kwa mashine hatukuweza, hiyo ilikuwa Dodoma. Dakta aliagiza dripu ya kupunguza ile asidi, akaagiza vidonge vya foliki, akaagiza sukari ya mgonjwa ipimwe mara kwa mara. Halafu akaniambia niende Mkiwa nikanunue pombe kali ya kiwandani, yenye lebo na muhuri usiofunguliwa.

Nilidhani sijasikia.

"Kimeng'enya, Zaituni. Kinapenda ethanoli, pombe ya kawaida, kuliko methanoli. Ni kama mashine ya kusaga ya kijiji. Tukijaza foleni watu wetu, ile methanoli itakaa nje hadi itoke kwenye mkojo bila kusagwa. Ile dawa rasmi ya kukifunga hatuna. Ya dukani ipo."

"Hapa ni misheni, dakta."

"Mapadri nitaongea nao mimi. Wewe nenda."

"Na kwa nini niende mimi?"

"Kwa sababu nikienda mimi," alisema, "watajua ni ya kunywa mwenyewe."

Basi nilipanda bodaboda ya Selemani na sare yangu na hijabu yangu, jua likiwa utosini, hadi grosari moja pale njia panda. Mabasi yalikuwa yamesimama, na watu wote waliokuwa wanakula mishikaki waligeuka. Mama mwenye grosari alinifahamu. Nilikuwa nimemfunga kidonda cha mguu mwaka ule ule.

"Sista Zaituni," alisema taratibu. "Karibu. Soda?"

"Pombe kali. Ile kali kuliko zote."

"Kubwa au ndogo?"

"Kubwa. Mbili."

Aliniwekea kwenye mfuko mweusi, akaufunga fundo, akaniinamia. "Pole, dada yangu. Kazi yenu ni ngumu, najua." Hadi leo nikipita pale hunishika mkono kwa huruma. Nimeshamweleza mara nyingi. Huitikia "naam, naam," na haamini hata kidogo.

Niliporudi Dakta alipiga hesabu ya uzito wa mzee, akanipimia, nikachanganya na juisi ya embe ili isimuunguze koo. Nikampelekea.

"Ni nini hii?" aliuliza Mzee Njiku.

"Pombe," alisema Dakta. Hakuwa mtu wa kuzunguka.

"Pombe sinywi." Aliisema kwa ile sauti yake ya madhabahuni, hata mgonjwa wa kitanda cha pili akaamka.

"Hata mimi sinywi, mzee," nilisema. "Tuko wawili hapa tusiokunywa, na chupa imeshafunguliwa. Tusaidiane."

"Mbele ya mke wangu siwezi."

Mama Naomi alikuwa hajasema neno tangu ashuke kwenye bodaboda. Alisogeza kiti. "Baba Naomi, jana ulikunywa mbele ya nani?"

Mzee alitafuta uso wa mkewe akaukosa, akawa anauelekeza uso wake ukutani, pasipo na mtu. Mimi nilikuwa nimekaa na vicheko vyangu tayari tangu grosari, lakini hapo vilikwisha. Mkewe aliinuka, akakishika kile kidevu akakigeuza kilikotakiwa, akachukua kikombe mkononi mwangu akamnywesha mwenyewe.

Alipomaliza kunywa, Dakta alimuuliza alichokuwa anakihofia tangu mwanzo. "Wengine walikuwa nani?"

Mzee alivuta shuka hadi kidevuni. Nilielewa. Waliokaa kwa fundi, kama tulivyojua baadaye, walikuwa wale wale waliosimama nyuma yake akihubiri: mwalimu wa kwaya, mtunza hazina, mzee mwenzake mmoja, na kijana mmoja aliyefunga ndoa mwaka ule. Akiwataja, amewavua nguo, na yeye wa kwanza.

"Wana macho bado, mzee," nilimwambia. "Wengine huenda kichwa tu ndicho kinawauma sasa hivi. Jioni watakuwa kama wewe."

Mzee aliinua kichwa kwenye mto. "Selemani yupo?"

"Nipo, mzee."

"Nenda msibani. Wote wako pale. Waliokaa kwa fundi jana waje hapa sasa hivi, wasimalize kaburi. Wakikuuliza nani amesema, sema ni Njiku."

"Niseme mbele ya watu, mzee? Au niwavute mmoja mmoja?"

"Huwajui mmoja mmoja. Sema mbele ya watu. Sema Njiku amekunywa, naye haoni."

Selemani aliniambia baadaye kwamba alisimama juu ya kiti cha pikipiki akasema hivyo hivyo alivyoambiwa, na kwamba hakuna aliyetikisika hadi mke wa mwalimu wa kwaya alipomsukuma mumewe mgongoni kwa ndoo. Walikuja watatu. Mmoja alisema kichwa kinamuuma kwa sababu ya kulia, akabaki kuzika. Huyo aliletwa siku iliyofuata, na hatukumwahi. Alikuwa ndiye yule aliyefunga ndoa.

Basi jioni ile wodi ya wanaume ya hospitali ya misheni ilikuwa na viongozi wanne wa kanisa wamelala mstari mmoja, na mwanamke Mwislamu akipita kila saa na jagi. Mwinjilisti wa kanisa lao alikuja kuwaombea. Alisimama mlangoni, akavuta hewa, akaniona namimina. Aliomba macho wazi. Mwalimu wa kwaya, dozi ilipomkolea, alianzisha wimbo wa sauti nne, akaimba zote mwenyewe. Dakta aliniambia nipime sukari yake, nisipime sauti.

Gari liliporudi tulimpakia Mzee Njiku kwenda Dodoma, mimi nimekaa kando yake na kikombe. Tulipita Manyoni gari likinuka kama sherehe ya harusi. Dereva alifungua madirisha yote akaniuliza kama na yeye hapati dozi. Mzee alinishika mkono njia nzima, akaniuliza jambo moja tu: kama mkewe bado yuko kwenye gari. Alikuwepo, miguuni pake. Nilimwambia yupo. Akauliza tena baada ya kitambo. Nikamjibu tena.

Alipona pumzi, macho yakarudi nusu njia. Anaona umbo la mtu, mlango, mti. Herufi hazioni, na rangi zimemtoka zote. Wale wawili wengine wako salama kabisa, na mwalimu wa kwaya anavaa miwani ambayo angeivaa hata hivyo. Kanisa lilimsimamisha Mzee Njiku uzee wake kwa muda, na siku ya kumrudisha alisimama akaeleza kila kitu, dumu na kikohozi, bila kuficha. Nilialikwa. Nilikaa nyuma kabisa, na watu wote waligeuka kuniangalia kuliko walivyomwangalia yeye.

Dakta Mkhoi alifariki kabla sijastaafu. Nimewasikia ninyi vijana mkisema mambo yote haya sasa yako kwenye simu. Ni kweli, nimeyaona. Hata ile dawa rasmi ya kukifunga kimeng'enya nimeonyeshwa picha yake, nzuri sana, na nimeuliza iko wapi, nikaambiwa iko kwenye simu. Kwa hiyo mjue dukani ni wapi. Na kabla ya duka, mjue kuketi kitandani kwa mgonjwa anayeona aibu, mumwachie kikohozi chake hadi awe tayari kukitaja kwa jina lake. Hilo Dakta hakunichorea kwenye boksi.

Mwezi uliopita nilikwenda Mkiwa kununua vitunguu nikakutana na Mama Naomi. Tulikaa kwenye benchi mbele ya duka. Nikamuuliza hali ya mzee.

"Mzima. Amekuwa msumbufu," alisema. "Kila Jumapili kabla hatujatoka ananiuliza nimevaa nguo ya rangi gani. Miaka yote aliyokuwa na macho hakuwahi kuuliza."

"Unamwambiaje?"

"Namwambia nyekundu. Anasema inanipendeza."

"Na huwa ni nyekundu kweli?"

Mama Naomi alifunga vizuri fundo la kanga yake, akainuka, akachukua kikapu.

"Nguo nyekundu sina, sista," alisema.